Mwanangu kaniuliza mbona sungura hakuchapwa

Fundi Cherehani, Kiboriloni

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa zangu.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, naomba mnisaidie. Mimi ni mshonaji, nina kibanda hapa Kiboriloni, Moshi, na nina watoto watatu. Jioni nikifunga kibanda narudi nyumbani na kazi zilizobaki, hasa sare za shule, nakaa natia vifungo na kupinda marinda kwa mkono. Wanangu wananizunguka kwenye mkeka, na hapo ndipo ninapowasimulia hadithi. Sikuanza kwa mpango. Siku moja umeme ulikatika, wakaanza kusukumana gizani, nikasema tu "Hadithi, hadithi!" Yule mkubwa akaitikia "Hadithi njoo!" wakatulia wote. Tangu siku hiyo hawanipi nafasi ya kuacha.

Sasa wiki hiyo niliwapa ile ya sungura na kisima. Wengi mnaijua, ila kila nyumba ina namna yake, kwa hiyo naiandika kama mama yangu alivyonipa. Jua lilichoma nchi, mito ikakauka, wanyama wakaitana msaragambo, kazi ya pamoja, wakachimbe kisima. (Mama alikuwa anasema mfongo, yaani mfereji, si kisima, kwa sababu kwetu Kibosho maji ya kumwagilia migomba yanashuka kwa mfongo kutoka juu mlimani. Mtu asiyetokea siku ya kuuzibua anajulikana, anatozwa, na zamu yake ya maji inaweza kurukwa. Sisi watoto hatukuhitaji kuelezwa uzito wa kosa la sungura.) Sungura akagoma. Akasema mikono yake ni midogo, na yeye anakunywa umande tu. Maji yalipotoka, usiku akaja na kibuyu cha asali. Mlinzi alikuwa fisi. Akamlambisha kidogo, akamwambia asali hii haikolei mpaka mtu afungwe kamba. Fisi kwa uroho wake akatoa mikono. Sungura akanywa, akaoga, akayavuruga maji akaondoka. Usiku wa pili nyani, ikawa hivyo hivyo. Usiku wa tatu kobe akajipaka ulimbo mgongoni, akazama, akatulia kama jiwe. Sungura akamkanyaga, akanasa. Asubuhi wakataka kumwua, akawaambia: mkitaka nife upesi, nishikeni mkia, mnizungushe, mnibwage kwenye majivu. Wakafanya. Mkia ukakatika, majivu yakawaingia machoni, sungura huyoo.

Wanangu walicheka mpaka wakalala chali.

Siku mbili baadaye kitindamimba wangu, ana miaka saba, alikuwa na zamu ya kuchota maji. Bomba letu linatoka kwa mgao, kwa hiyo siku yakitoka lazima ndoo zijazwe. Akamwendea dada yake mwenye miaka kumi akamwambia, "Mama kasema leo uchote wewe, mimi nina homa." Yule binti akabeba ndoo zote tano peke yake. Mwenzake alikuwa uwanjani anacheza mpira.

Nilipojua nikamwita. Sikumchapa, nilitaka kwanza nimsikie. Akanitazama usoni bila woga wowote: "Mama, sungura hakuchimba kisima na maji akanywa. Na hawakumchapa. Alikimbia."

Nilikosa la kumjibu. Nimesikia hadithi hii tangu mdogo na sijawahi kuchukua maji ya mtu kwa hila, ila sikuwahi kujiuliza ni kitu gani ndani yake kilinifundisha hivyo. Nimewaza niubadilishe mwisho, sungura akamatwe achapwe, awaombe radhi wenzake. Dada yangu ananiambia niache kabisa hizi za kwetu, niwawekee katuni za hadithi za Ulaya zilizotafsiriwa, maana kule mwema anashinda na mbaya anaadhibiwa, mtoto hachanganyikiwi. Nyinyi mnafanyaje? Nauliza kwa dhati, kwa sababu hawa watoto wananiamini.

Mwalimu Mstaafu, Marangu

Marahaba binti yangu. Usiubadilishe mwisho.

Nimefundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka mingi, na swali la mwanao nimeulizwa na watoto wasiohesabika. Anza kwa kumtazama sungura ni nani. Ni mdogo, hana pembe, hana meno ya kutisha. Na mara nyingi anaowadanganya ni simba, tembo, fisi mroho. Watoto wanamshangilia kwa sababu na wao ni wadogo katika nyumba ya watu wakubwa. Hadithi za namna hii zilikuzwa na watu wasio na rungu mkononi. Hata Aesop, ambaye ngano zake tumezisoma tangu enzi za mkoloni, Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anamtaja kuwa alikuwa mtumwa katika kisiwa cha Samos. Mtumwa hawezi kumwambia bwana wake "unanionea". Anaweza kumsimulia habari za mbwa mwitu na mwanakondoo waliokutana mtoni. Mbwa mwitu yuko juu, mwanakondoo yuko chini, na bado anashtakiwa kwamba anamchafulia mwenzake maji. Wewe uliyekulia kwenye mfongo unajua maji hayapandi mlima. Mwanakondoo anajibu kila shtaka kwa ukweli mtupu, na mwishowe analiwa. Nilipokuwa nikiifundisha hiyo darasa lote lilinyamaza, na siku zote kulikuwa na mtoto mmoja anayesema, "Angekuwa sungura asingeliwa."

Kwa hiyo hila si dhambi kwa kila hali. Lakini mwanao hakumdanganya simba. Alimdanganya dada yake, aliye mdogo kama yeye, na anayekunywa naye ndoo moja. Hapo ndipo pa kukaa naye.

Msimulie ya kima na papa. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliichapa mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa na watu wa huko, lakini ni ya kale kuliko hapo. Iko katika Panchatantra, kitabu cha ngano cha India, ambako adui ni mamba, na katika kitabu cha Kiarabu cha Kalila na Dimna, ambako ni kasa. Pwani yetu wakamfanya papa. Kima yuko juu ya mkuyu anamtupia papa matunda kila siku. Papa anamwalika kwao, na wakifika katikati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, ndugu yangu, mbona hukuniambia mapema, sisi mioyo yetu tunaiacha nyumbani juu ya mikuyu. Wanarudi, kima anapanda mti, hashuki tena. Huo ni uongo, na sijaona mtoto anayemlaumu kima.

Ila utamu uko mbele. Papa anapomwita, kima anamsimulia habari za punda wa dobi. Punda alimtoroka dobi, akaingia mwituni akanenepa. Simba mgonjwa alikuwa na njaa, na sungura, huyu huyu wa kwako, akaenda kumtongoza punda kwamba simba anamposa. Punda akaja, simba akamrukia, lakini kwa udhaifu akashindwa, punda akampiga mateke akakimbia. Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu. Punda akarudi mara ya pili. Akauawa. Sungura akaula moyo na masikio kwa siri, na simba alipouliza viko wapi, akajibiwa: mnyama huyu angekuwa na moyo na masikio, angerudi mara ya pili?

Punda hakuwa na kosa lolote kwa sungura. Msimulie mwanao hiyo, usiseme neno la mafunzo, umwulize tu: katika hadithi hii nani amelia? Halafu rudi kwenye kisima, uulize swali lile lile. Nimelitumia swali hilo kuliko bakora, na nimeona linafika mbali zaidi.

Kitu kimoja zaidi. Mbio za sungura na kobe unazo za aina mbili. Kwa Aesop kobe anatembea tu bila kusimama, sungura analala. Bibi yangu alisema kobe aliwapanga ndugu zake njiani wanaofanana naye, kila sungura akiita, kobe mwingine anaitikia mbele yake. Nilikuwa nikifundisha zote mbili wiki moja na kuwaacha wabishane kobe yupi ni bora. Hawakuwahi kuafikiana, na mimi sikuwakatia shauri.

Mama wa Sakina, Arusha

Mwalimu shikamoo. Dada fundi, pole na hongera kwa kutomchapa kabla ya kumsikia.

Naomba niseme kuhusu zile katuni, kwa sababu dada yako anadhani kule hakuna mchanganyo. Mimi ni mama wa kambo. Nilipoolewa, binti wa mume wangu alikuwa na miaka sita, na mwaka wa kwanza nilikuwa nikimkatia tufaha, epo kama tunavyoita sokoni, anakishika kile kipande halali. Anasubiri mimi nile kwanza. Nilidhani ni adabu aliyofundishwa. Siku moja nikamwona anaangalia ile katuni ya binti mweupe kama theluji, mama wa kambo anampa tufaha lenye sumu, ndipo nikaelewa. Nilikwenda jikoni nikalia.

Miaka ile nilikuwa najifunza Kijerumani, maana nilitaka kazi ya kuongoza watalii, na mwalimu wetu akatuletea hadithi za ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm. Nikajifunza jambo lililonikasirisha na kunituliza kwa pamoja. Walipochapa mara ya kwanza mwaka 1812, yule malkia mwenye wivu alikuwa mama mzazi wa binti. Ni toleo la mwaka 1819 ndilo lililomgeuza kuwa mama wa kambo. Na ile ya watoto wawili wanaotelekezwa msituni wakakuta nyumba ya mkate, humo nako mama alibaki mama tu, na ukambo uliingizwa kufikia toleo la 1840. Waliona haifai mama mzazi awe katili namna hiyo mbele ya watoto. Wakamlinda mama, na mzigo wakatubebesha sisi.

Kwa hiyo dada, sikukatazi kubadilisha. Mimi mwenyewe hubadilisha. Lakini kabla ya kubadilisha tazama lile kosa unalihamishia kwa nani. Binti yangu nilimweleza habari hiyo ya 1812 alipofika darasa la tano. Alinyamaza, akaniuliza, "Kwa hiyo walikusingizia?" Nikamwambia ndiyo. Sasa ana miaka kumi na minne, na epo anaikata yeye ananipa mimi.

Dereva wa Njiro

Nimesoma haya kwenye foleni ya mizani nikaona na mimi nichangie, japo si mtu wa kuandika.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Pangani. Alikuwa na hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja anachakura jalalani kama kuku akitafuta punje za mtama, siku moja anaokota thumni, ananunulia paa. Watu wanamcheka, mtu asiye na chakula anafuga paa. Kumbe paa anasema. Anatoka kwenda kula, anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani, anamwambia imetoka kwa bwana wangu Sultani Darai. Uongo mtupu, bwana wake yuko jalalani. Anamposea binti wa sultani. Anakwenda kwenye nyumba ya nyoka wa vichwa saba, anamwua, nyumba inakuwa ya bwana wake. Wale wa Ufaransa wana ya paka mwenye buti, Charles Perrault aliichapa 1697, inafanana kabisa, ila paka yule anaishia kuwa bwana mkubwa, panya anawafukuza kwa kujifurahisha tu.

Bibi hakuishia hapo. Paa anaugua. Anamtuma mtumishi mzee, kamwambie bwana wangu naumwa. Yule tajiri mpya anasema mpe uji wa mtama mbovu. Mke wake anamsihi, huyu ndiye aliyekufanya mtu, haendi kumwona. Paa anakufa kwa uchungu, bwana anaamuru atupwe kisimani. Usiku ule analala kitandani kwake, anaamka yuko jalalani, anachakura.

Niliposikia mwanao anasema sungura hakuchapwa, nikamkumbuka bwana huyu. Na yeye hakuna aliyemchapa. Na tazameni, paa alidanganya kuanzia mwanzo wa hadithi na hakuna kilichomkuta kwa ajili ya huo uongo. Kilichobomoa kila kitu ni uji ule. Bibi alikuwa akifika hapo anashusha sauti, "mpe uji wa mtama mbovu", na sisi tulikuwa tunajificha kwenye kanga yake.

Mimi udereva nilifundishwa na mzee mmoja wa Tengeru, bure, miaka miwili nikiwa utingo wake. Nilipopata gari la kwangu kuendesha nilipita mbele ya nyumba yake pengine mara mia bila kusimama. Nikasikia anaumwa, nikamtumia elfu kumi kwa simu. Usiku ule ule, naendesha kuelekea Babati, nikaisikia sauti ya bibi. Nilimaliza safari, nikageuza, nikaenda nikakaa naye siku nzima. Alikuwa hawezi kula kitu kigumu. Nilimkoroga uji mwenyewe, wa maziwa. Aliishi miezi minne baada ya hapo, na nilikwenda kila nilipokuwa na nafasi.

Dada, wape na hiyo.

Muuguzi, Old Moshi

Hamjambo wote. Bibi yetu hakusimulia mchana hata umbembeleze vipi, alisema hadithi ni za usiku. Ya kwake kubwa ilikuwa ya Mrile, na namshangaa dada wa Kibosho kwamba hajaitaja.

Kwa ufupi kwa wasioijua. Mrile anakwenda na mama yake kuchimba magimbi, sisi tunaita maduma. Anaona duma moja zuri kama mdogo wake, analificha kwenye pango la mti. Linageuka mtoto. Kila siku anampelekea chakula chake mwenyewe, anakonda. Mama anamfuatilia, anamwua yule mtoto. Mrile analia siku nzima, anakaa kwenye kigoda cha baba yake, anakiimbia ili kipae juu, na kinapanda mpaka nchi ya mwezi. Huko watu wanakula vibichi, yeye anawafundisha moto, wanampa ng'ombe. Anapotaka kurudi amechoka, fahali mmoja anamwambia: nikikubeba, nitakapochinjwa utanila? Mrile anaapa hatamla. Nyumbani anawaambia wazazi, fahali huyu asichinjwe, na akichinjwa mimi nisipewe. Akazeeka, wakamchinja. Mrile akakataa kula. Mama yake akaweka mafuta pembeni, siku nyingine akayatia kwenye chakula bila kumwambia. Mrile alipoonja ardhi ikamfunguka. Akazama taratibu mpaka akatoweka.

Nilipokuwa mdogo nilimlilia Mrile. Sasa nina watoto, ninayemfikiria ni mama yake. Hakumtakia mabaya. Aliona mwanawe atakosa kitu kizuri, akaona ataijua faida yake akishakula. Dada fundi, uliposema utaubadilisha mwisho kimya kimya kwa faida yao, mafuta yale ndiyo niliyoyakumbuka. Ukibadilisha, waambie umebadilisha.

Fundi Cherehani, Kiboriloni

Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mume wangu. Asanteni sana. Mama wa Sakina, nimekukumbatia kutoka huku. Mrile nilikuwa namjua, nilimsahau, sijui nilimsahauje.

Nimejaribu. Jana usiku niliwapa ya punda wa dobi. Dada mtu alikasirika kabisa, alisema punda alikuwa mpweke ndiyo maana alirudi, si kwamba hana moyo. Sikuwa nimewaza hivyo kamwe. Kitindamimba alinyamaza. Nikawauliza nani amelia, mkubwa akasema punda, wakaafiki wote. Nikarudi kwenye kisima. Hapo wakagawanyika. Mkubwa akasema fisi, kwa aibu. Dada mtu akasema wote waliochimba.

Mdogo akasema kobe. Nikamwuliza kobe amelia lini, mbona kobe ndiye aliyemnasa sungura. Akasema, "Alikaa kwenye maji usiku mzima peke yake, na baridi." Nilikuwa na sare mkononi, nikaiweka chini.

Kisha akaniuliza swali ambalo naomba Mwalimu anisaidie: sungura alipokimbia bila mkia, kesho yake alikunywa maji wapi? Nikasema hadithi imeishia pale. Akasema hapana, jua bado lilikuwa linachoma, wewe umesema mito yote ilikauka. Sikubadilisha kitu wala sikuongeza. Nilimwambia tutamwuliza bibi yake, yeye ndiye aliyenipa.

Leo asubuhi maji yametoka. Haikuwa zamu yake. Alikwenda akasimama karibu na dada yake bombani na kidumu chake cha lita tano. Dada mtu bado hamsemeshi, alimpisha tu kwenye foleni.

Jumamosi tunapanda Kibosho.